Mbwa anayeota jua la Oktoba: habari ya thairoidi iliyolala

Oktoba ya Dodoma anayeijua anaijua. Saa nane mchana hata kuku wanaacha kuparua, wanajibana kwenye kivuli cha ukuta midomo wazi, na mbwa wote wa mtaa utawakuta wamechimba mashimo pembeni ya simtanki pale maji yanapodondokea. Sasa siku hiyo natoka nje kuanua nguo nakuta Malkia wangu kalala katikati ya uwanja juu ya zege, jua linampiga utosini, na wala hahemi. Nikamwita, akafungua jicho moja akalifunga tena. Nikaweka kiganja kwenye zege nikakitoa mbio. Yule mbwa alikua anaota jua vile sisi tunavyoota moto mwezi wa saba kipupwe kikikaza.

Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo ambaye kila asubuhi lazima anipe "mbukwa" yake kabla ya neno lingine lolote, akasema huyo kazeeka tu mama, muache apumzike. Malkia alikua na miaka saba. Nikakubali, maana nilishaona mwenyewe kanenepa, geti likigongwa anabweka akiwa amelala, na manyoya yake yale ya mama yake Labrador yamekua makavu kama majani ya Septemba. Ikapita miezi minne mingine ndo tukajua ni thairoidi.

Ukimwambia mtu mbwa ana thairoidi anacheka. Thairoidi ya binadamu watu wanaijua, kila ukoo una shangazi mwenye goita, ila ya mbwa inaonekana ni mambo ya Wazungu. Halafu kuna wachache waliosikiasikia, hao wanakosea upande wa pili, kila mbwa mnene aliyenyonyoka wanamuwekea vidonge. Makosa yote mawili nimeyashuhudia, la kwanza kwangu na la pili kwa jirani yangu, kwahiyo nitaeleza yote mawili.

Tezi yenyewe iko shingoni, vipande viwili vimekaa kulia na kushoto kwa bomba la hewa chini kidogo ya koromeo, vidogo kiasi kwamba mbwa akiwa mzima huwezi kuvipapasa. Vitabu vinaiita tezi dundumio, mtaani tunasema thairoidi basi. Inatengeneza homoni, ya kwanza thairoksini ambayo maabara wanaandika T4, na nyingine T3 yenye nguvu zaidi ambayo sehemu kubwa inapatikana T4 ikishafika kwenye viungo ikabadilishwa hukohuko. Kazi ya hizi homoni ni kuamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani. We fikiria jiko la mkaa lenye kale kamlango ka chini, ukikafungua hewa inaingia mkaa unawaka, ukikaziba mkaa upo na sufuria ipo lakini ugali hauivi. Mbwa mwenye thairoidi iliyolala anakula, ila hakiungui kitu. Ndo maana ugonjwa huu hauna sehemu moja unayoweza kuigusa ukasema hapa, ngozi inapunguza kasi, moyo unapunguza kasi, utumbo, neva, hata uzazi.

Juu huko chini ya ubongo kuna katezi kengine, pituitari, hako ndo msimamizi. Kakiona T4 imepungua kanatuma homoni inaitwa TSH, ni kama bosi anayepiga simu saiti kuuliza mbona kazi haiendi. Tezi ikiwa nzima inaitikia. Ikiwa imekufa haiitikii, na bosi anazidi kupiga. Kwahiyo picha ya kitabuni ni T4 chini, TSH juu. Ishike hiyo kichwani maana tutairudia kwenye karatasi ya maabara, na huko ndo watu wanapoumia.

Kwa mbwa waliokomaa, zaidi ya 9 katika 10 shida inakua kwenye tezi yenyewe, sio kwa bosi. Karibu nusu ya hao kinga ya mwili imegeuka inaishambulia tezi, na nusu nyingine tezi inasinyaa tu na nafasi yake inachukuliwa na mafuta bila sababu kuonekana. Inakwenda taratibu mno, mpaka kama robo tatu ya tezi iwe imeharibika ndo dalili zinaanza kutoka nje. Mara nyingi mbwa anakua na umri wa kati, miaka 4 hadi 10 hivi, na kuna mbegu zinazoongoza kama Golden Retriever, Doberman, Boxer, Beagle na Cocker Spaniel, ila chotara hawajasamehewa, wangu chotara.

Na hapa niliweke sawa suala la chumvi kabla sijasahau. Kwa sababu tumefundishwa kwamba goita inatokana na kukosa madini joto, yani iodini ile ya kwenye chumvi, mtu wa kwanza niliyemhadithia aliniambia niongeze chumvi kwenye ugali wa mbwa. Hapana. Madini joto yakikosekana tezi inashindwa kwa kukosa malighafi, lakini kwa mbwa hiyo ni sababu ya nadra sana, wengi wao kiwanda chenyewe kimebomoka. Ukimwaga cementi kwenye saiti isiyo na fundi hupati ukuta. Na iodini ikizidi mno nayo inaweza kuizuia tezi kufanya kazi, achilia mbali kiu utakayompa.

Dalili sasa. Ya kwanza kwa wengi ni uvivu, na tatizo la uvivu ni kwamba unakuja polepole mpaka unauzoea. Malkia alikua anakimbiza bodaboda hadi kona, ikawa hadi geti, ikawa anainua kichwa, halafu hata kichwa akaacha. Hakuna siku moja ambayo ningesema leo kaanza kuumwa. Uzito nao unapanda na chakula ni kilekile, wakati mwingine hata kimepungua. Baridi anaihisi kuliko wenzake, hiyo ndo ile ya zege, na wakati wa kipupwe mwaka ule alikua anaingia jikoni kujibanza kwenye jiko mpaka dada akawa anamfukuza na mwiko.

Ngozi ndo inaongea zaidi, ila inabidi uijue lugha yake. Manyoya yanakua makavu, yanakatika kirahisi, mba zinajaa, halafu yanaanza kupukutika ubavuni pande zote mbili kwa kulingana, ukimsimamisha ukimuangalia kwa juu kulia na kushoto ni kama mtu kanyoa kwa rula. Mkia unanyonyoka unabaki kama wa panya. Pale kola inapokaa panabaki upara, na wengine juu ya pua. Ngozi iliyo wazi inakua nyeusi na nene. Na kitu kimoja ambacho mimi nilikiona nikakipuuza: dokta wa mifugo alishawahi kumnyoa mguuni ili amtundikie dripu, nywele hazikurudi, miezi mitatu kile kipande kiko vilevile cheupe kama kiraka. Nikadhani wembe ulikua mbaya.

Kikubwa kuliko vyote, hajikuni. Narudia kwa sababu Dodoma hii mbwa akinyonyoka ni kupe, viroboto au upele wa utitiri, na hao wote isipokua aina moja ya utitiri wanawasha kweli, mbwa anajikuna usiku kucha unasikia mguu unapiga bati. Thairoidi peke yake haiwashi. Shida ni kwamba ngozi dhaifu inaingiliwa na bakteria na fangasi, masikio yanatoa uchafu unaonuka, na hapo mwasho unakuja, unatibu, anapona wiki tatu, anarudi. Mbwa anayerudirudi na usaha wa ngozi au masikio na kila dawa inafanya kazi kidogo tu, huyo ndo wa kumfikiria.

Kuna zile ambazo hazitokei kwa wote lakini zikitokea watu hawaziunganishi. Uso unavimba kidogo, ngozi ya paji na kope inashuka, mbwa anakua na sura ya aliyefiwa. Moyo unapiga taratibu. Jike haingii joto au anapitiliza. Wengine neva zinaguswa, upande mmoja wa uso unalegea mate yanatoka, au kichwa kinainama upande na kutembea anayumba, au miguu inaburuta kucha kwenye sakafu. Na mara chache sana, yule ambaye hajatibiwa kabisa anafika mahali mwili unapoa, hajitambui, mapigo yanashuka, hiyo ni dharura ya kukimbiza usiku huohuo.

Ila kwa uaminifu kabisa nikikutana na mbwa kumi wanene walionyonyoka hapa mjini, thairoidi haitakua ya kwanza kwenye orodha yangu. Unene kwanza ni chakula. Tunawapa ugali wa jana, mafuta ya kukaangia, mifupa ya buchani, wamefungwa mnyororo mchana kutwa, halafu tumewahasi, na mbwa aliyehasiwa anahitaji chakula kidogo kuliko alivyokua anakula zamani. Hapo hutafuti homoni, pima sahani. Unyonge na upungufu wa damu kwanza ni homa ya kupe, zipo zaidi ya moja, na ukanda wetu huu wa kupe zinatembea mwaka mzima. Kunyonyoka bila kuwasha kuna yule utitiri mmoja niliyemtaja, anaonekana kwa kukwangua ngozi na kuangalia kwenye hadubini, kipimo cha dakika chache. Na kuna ugonjwa wa Cushing, ambao tezi za juu ya figo zinatoa homoni kupita kiasi, huyo naye ananyonyoka pande mbili na tumbo linashuka, lakini anakunywa maji kama ngamia, anakojoa hovyo na ana njaa ya ajabu. Mbwa wa thairoidi hana kiu. Swali la ndoo ya maji inaisha mara ngapi kwa siku limeokoa vipimo vingi.

Sasa jirani. Jirani yangu ana dume kubwa, chotara wa German Shepherd, anaitwa Bosi. Bosi alipunguza mwili kidogo, akawa mnyonge, manyoya hayana mng'ao, na baba mwenye mbwa akasoma mahali kuhusu thairoidi akaamua kufupisha safari. Akamtoa damu kwa kijana mmoja, akapeleka maabara ya watu, ya binadamu, akaandikisha jina Bosi kama la mtu. Majibu yakatoka T4 nanomoli 24 kwa lita, pembeni herufi L, maana yake iko chini, na chini yake wameandika kiwango cha kawaida, kuanzia 60 na kitu kwenda juu. Nilionyeshwa ile karatasi, imepigwa muhuri na kila kitu. Bosi akaanzishiwa vidonge.

Angalia kilichotokea pale. Molekuli ya T4 ya mbwa na ya mtu ni ileile, kwahiyo mashine inatoa namba, haigomi. Lakini binadamu mzima anatembea na T4 kama 60 hadi 150, mbwa mzima anatembea na kama 15 hadi 50 kutegemea maabara. Yani karibu kila mbwa mwenye afya njema Dodoma hii ukimpima kwa kipimo cha watu atatoka na L. Bosi na 24 yake alikua ndani kabisa ya kiwango cha mbwa. Na TSH ndo mbaya zaidi, ile ya mbwa sio sawa na ya mtu, inahitaji kipimo kilichotengenezwa kwa mbwa, ukimpima kwa cha binadamu namba utakayopata haina maana yoyote.

Bosi alikunywa vidonge wiki tano. Akaanza kuhema usiku, kunywa maji mengi, kuzunguka uwanja hatulii, na akazidi kukonda. Alipofikishwa kwa daktari wa mifugo mwenyewe, wakaangalia damu kwenye slaidi na kuhesabu chembe sahani, zile za kugandisha damu, ikawa homa ya kupe. Akapewa antibiotiki ya doksi (doxycycline) siku 28, vidonge vya thairoidi vikasimamishwa, yuko mzima mpaka leo, ananguruma kila nikipita.

Ningeweza kuishia hapo nikasema tumia kipimo cha mbwa basi, lakini kuna mtego wa pili, tena huu unawanasa hata wenye kipimo sahihi. T4 inashuka kwa mbwa yeyote anayeumwa ugonjwa wowote mzito, hata tezi ikiwa nzima kabisa. Mwili ukiwa vitani unapunguza moto wenyewe, ni ubanaji matumizi. Kwahiyo ukimpima mbwa mwenye homa ya kupe, figo mbovu au kidonda kilichooza, utapata T4 ya chini na utamsingizia tezi. Dawa nazo zinaishusha: predinisoloni na jamii yake, fenobabitali ya kifafa, na zile za salfa ambazo tunazigawa kama pipi, hizi za salfa zikitumika wiki kadhaa zinaizuia tezi kweli mpaka uziache. Halafu kuna mbegu za mbwa wa mbio, Greyhound na Saluki, hao T4 yao ya kuzaliwa ni ya chini.

Ndo maana ukisikia daktari anayejua anasema hivi: T4 ikiwa ya kawaida, thairoidi iondoe kwenye mawazo. T4 ikiwa chini, ndo kwanza tumeanza. Inafuata TSH ya mbwa, na kama inapatikana T4 huru, yani ile isiyoshikwa na protini za damu, ambayo haiyumbishwi sana na magonjwa mengine. T4 chini na TSH juu kwa mbwa mwenye dalili, hapo huna ubishi. Lakini kama robo ya wagonjwa wa kweli TSH yao inatoka ya kawaida, inabidi ukubali hilo pia, yule bosi wa juu, pituitari, naye wakati mwingine anachoka kupiga simu. Vipimo vya kawaida vinasaidia kuunganisha, kolesteroli inakua juu kwa kama robo tatu ya wagonjwa, pima akiwa hajala, na baadhi wana upungufu kidogo wa damu.

Upande wa Malkia mambo yalikua hivi. Dokta wetu kwanza alikwangua ngozi, hakuna utitiri. Akaangalia damu, hakuna homa ya kupe, damu imepungua kidogo. Akauliza maji anakunywaje, anatumia dawa gani, nampa chakula gani, akanifanya nipime ugali kwa kikombe wiki mbili nimpunguzie, uzito haukushuka hata nusu kilo. Kolesteroli ikatoka juu sana. Hapo ndo akasema sasa tunatafuta thairoidi, sio kabla. Damu ikatenganishwa seramu, ikawekwa kwenye barafu, ikasafiri, maana kipimo cha mbwa hakipo kila kona na inabidi muulize mapema sampuli inaenda wapi na kama wana viwango vya mbwa. Wengine wanaunganisha na madaktari wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, ambako ndiko chuo chenyewe cha udaktari wa mifugo kilipo. Majibu: T4 ni 6, TSH juu. Nilikaa na ile karatasi kwenye gari nikikumbuka ile siku ya zege.

Kuna watu watakaoshindwa kupima kabisa, najua, na daktari anaweza kukubali kujaribu dawa kwanza. Inafanyika, lakini kwa utaratibu: mengine yote yawe yameondolewa, dawa kwa miezi miwili mitatu, na akipata nafuu unaisimamisha uone kama dalili zinarudi. Hiyo hatua ya kusimamisha ndo watu wanairuka. Homoni hii inaweza kuotesha nywele na kupunguza uzito hata kwa mbwa asiye na tatizo la tezi, kwahiyo nafuu peke yake sio ushahidi. Na ukishampa dawa huwezi kesho ukapima tezi yake ukapata jibu la kweli, inabidi akae bila dawa kama wiki sita hadi nane.

Dawa yenyewe haina maajabu, ni levothairoksini, T4 ya kutengenezwa, na inarudisha kile ambacho tezi haitoi. Mwaka 1891 huko Uingereza daktari George Murray alimchoma mgonjwa wake juisi iliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo na yule mama akaishi karibu miaka 30 mbele. Wazo ni lilelile mpaka leo ila tumeacha kondoo.

Dozi ndo iliyoleta vichekesho. Mbwa anaanzia kama miligramu 0.02 kwa kila kilo ya mwili kila baada ya masaa 12, wengine wanaanza chini ya hapo, hilo anaamua daktari wako sio mimi. Malkia alikua na kilo 29, kwahiyo kama miligramu 0.6, yani mikrogramu 600 kwa mara moja, na duka la dawa vidonge vilivyopo ni vya watu, mikrogramu 100, maana yake sita asubuhi na sita jioni. Dada wa dukani akasoma cheti, akahesabu, akaniangalia. "Mama, hii ni ya watu wangapi?" Nikamwambia ni ya mbwa. Akaenda kumuita mfamasia. Mtu mzima wa kilo 70 anaweza kutumia kidonge kimoja na robo kwa siku nzima, mbwa wangu wa kilo 29 anatumia kumi na mbili, lazima washtuke. Sababu ni kwamba utumbo wa mbwa unaifyonza dawa hii kidogo sana na mwili wake unaitoa haraka, kwa binadamu T4 inachukua kama wiki kupungua nusu, kwa mbwa haifiki siku moja. Tafadhali tu usimpe mtu dozi ya mbwa, kuna dada aliniuliza kama vinapunguza kitambi, nilimkatalia kwa ukali na wewe mkatalie wako.

Chakula kinazuia ufyonzwaji, kwahiyo mimi nampa saa 12 asubuhi tumboni hamna kitu, anakula saa moja na nusu, na jioni hivyohivyo. Kama nyumbani kwenu hilo haliwezekani mpe pamoja na chakula lakini iwe kila siku hivyo, kinachoharibu ni leo hivi kesho vile. Maziwa na unga wa mifupa weka mbali na muda wa dawa, kalisiamu inaishika dawa isipite. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo au ambaye tezi za juu ya figo zimechoka anaanza na dozi ndogo sana, maana ukiwasha moto ghafla moyo mbovu unazidiwa.

Baada ya wiki nne hadi nane unarudia damu, na muda ni muhimu, masaa manne hadi sita baada ya kidonge. Kidonge saa 12, damu kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Ukimpeleka kabla ya kidonge au jioni unapata namba nyingine na dozi itabadilishwa bure. Ikishatulia, kila miezi sita inatosha. Dawa ikizidi utaona kama kwa Bosi, kuhema, kiu, kukojoa, kukonda, kutotulia, moyo unaenda mbio.

Na hapa kuna jambo la buchani ambalo sidhani kama wengi wanalijua. Makoromeo ya ng'ombe na mbuzi yanauzwa bei ya chini kwa wenye mbwa, na kwenye koromeo ndo tezi inaponing'inia. Mbwa anayelishwa makoromeo kila siku anakula homoni ya ng'ombe, na anaweza kupata dalili za thairoidi iliyozidi ilhali tezi yake haina kosa. Kuchemsha hakusaidii, mwaka 1984 na 1985 kule Minnesota na majimbo jirani ya Marekani watu waliumwa kwa kula nyama ya kusaga, iliyopikwa vizuri tu, iliyochanganyika na tezi za shingo. Kwahiyo kama mbwa yuko kwenye vidonge, mwambie muuza nyama akupe kitu kingine, na kama unampima mwambie daktari ukweli wa anachokula.

Nafuu haiji pamoja. Uchangamfu ndo wa kwanza, wiki ya kwanza au ya pili, Malkia siku ya tisa alisimama akaenda getini kubweka na dada akaniita nije nione kama vile kuna mgeni. Uzito ukafuata kwa miezi. Nywele zinachelewa, miezi mitatu minne na zaidi, na kabla ya kuota zinazidi kupukutika kwa sababu zile kuukuu zinasukumwa na mpya, mwezi wa pili nyumba yangu ilijaa manyoya nikakaribia kuacha dawa nikidhani inamdhuru. Neva na uso vinaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Dawa ni ya maisha yote, na ukisahau kidonge kimoja usimuongezee viwili, endelea tu na kinachofuata, na ukisafiri kwenda Kondoa mwezi mzima nunua kabla ya kuondoka, mimi niliwahi kukwama nikazunguka maduka matatu.

Kile kiraka cha mguuni kilikua cha mwisho kuota. Zikatoka nywele laini nyeusi zaidi, kama za mtoto wa mbwa, mpaka leo ukimtazama unaona kipande cha rangi tofauti. Oktoba iliyofuata saa nane mchana nilimtafuta kwenye zege sikumkuta. Alikua chini ya simtanki, kamfukuza mbwa mwenzake Chui kwenye shimo lake, kalipanua mara mbili, na mzee akawa anasema mbwa huyu atatuangushia tanki. Kweli msingi umeanza kuinama upande mmoja, fundi kaja kaangalia, anataka mifuko miwili ya cementi na hela ya kazi.